Majaribio ya Viatu vya Mkaguzi

Jumanne saa nne asubuhi mke wa mkaguzi wa majengo aliweka jozi ya viatu vyeusi juu ya meza ya Bibi Soli. Alieleza kwamba soli zimelika upande na mumewe hana raha na vidole vyake. Bibi Soli, fundi viatu kwa miaka hamsini na miwili, alivigonga visigino kwa ukucha, akasema vitakuwa tayari Alhamisi, baada ya majaribio.

Mlangoni pake palikuwa na barua ya manispaa. Duka litavunjwa, ilisema, kwa kuwa ukuta wa nyuma ni mbovu. Mkaguzi, iliendelea barua, amefika mara tatu kuukagua. Bibi Soli hakuwahi kumwona. Alikata rufaa, akajibiwa alete ushahidi.

Majaribio yake mtaa mzima uliyajua. Hakutoa kiatu kabla hakijatembea chenyewe njia zake za kila siku na kurudi, ili aone soli inavyokanyaga bila uzito wa mtu kuidanganya. Watu walivipisha viatu vyake njiani kama wanavyompisha mama mwenye ndoo kichwani.

Alhamisi alasiri alivifunga kamba viatu vya mkaguzi, akaviweka kizingitini, akasema, "Haya, wanangu." Vikaondoka. Mke wa mkaguzi, aliyekuja kuvichukua, akavifuata. Alikuwa na mashaka yake ya siku nyingi. Kinyozi wa jirani aliacha kichwa cha mteja nusu, akafuata naye, na mteja nyuma yake.

Viatu vilipita ofisi ya manispaa bila kuingia. Vikaenda moja kwa moja nyumbani kwa tajiri wa maghala, aliyekuwa akikitaka kiwanja cha Bibi Soli tangu mwaka juzi. Vikajipangusa kwenye zulia la mlangoni, vikaingia, vikatulia chini ya meza ya chakula, mahali ambapo sakafu ilikwisha kupata alama za visigino hivyo hivyo.

"Nilidhani ni mwanamke," alisema mke wa mkaguzi, akashusha pumzi.

Viatu havikurudi. Hilo lilimkera Bibi Soli kuliko barua, maana hakuwahi kupotelewa na kiatu.

"Vitarudije, bibi?" alisema kinyozi. "Njia ya hapa havijawahi kuikanyaga. Mwenye macho haambiwi tazama."

Bibi Soli aliyaandika yote hayo. Manispaa ikapokea, ikagonga muhuri, ikampa mkaguzi ashughulikie.

Jumamosi mkaguzi alifika pekupeku, viatu mkononi, kwa kuwa havikukubali kuvaliwa kabla fundi hajamaliza. Akamwamkia bibi kwa heshima. Bibi Soli alikitazama cha kushoto, akasema kisigino kinavuta ndani na yeye hatoi kazi ya namna hiyo. Mkaguzi akakaa kwenye benchi saa nzima. Kwa kukosa la kufanya, akauendea ukuta wa nyuma, akaugonga kwa ngumi.

"Mzima kabisa," alikiri. "Lakini nashukuru, bibi. Faili lilikuwa na kasoro moja tu, kwamba sijafika. Sasa nimefika."

"Umefika," alisema Bibi Soli, ambaye hakuzoea kukana alichokiona, akapigilia msumari wa mwisho.

Wiki iliyofuata duka lilivunjwa. Mkaguzi alisimama juani tangu asubuhi hadi adhuhuri akisimamia kazi, na vidole havikumuuma hata kidogo. Aliwaonyesha wapita njia wote viatu vyake, akawaambia kwamba fundi kama yule hapatikani tena.