Leso Chini ya Mlango

Nilichokiona kwanza ni leso. Ilikuwa imesokotwa kama kamba na kushindiliwa chini ya mlango wa chumba cha mzazi, pale upepo unapopenya. Nilisimama uani na beseni la winda za mtoto, nikaitazama.

Kazi yangu kwa Bi Ruqaiya ilikuwa kufua. Binti yake, Ummulkheir, alikuwa amejifungua na kurudi Malindi kwa mamake kukaa arubaini, kama ilivyo desturi yao. Bi Ruqaiya alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwekea seredani ya makaa chini ya kitanda ili mwili upate joto. Siku zote dirisha la chumba kile huachwa wazi kidogo. Lakini usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kwa baridi kali, na asubuhi nilikuta dirisha limefungwa, mlango umefungwa, na leso ile chini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Polepole na beseni hilo," alijibu kutoka jikoni. "Mzazi kalala. Usiku kichwa kilimgonga mpaka akatapika. Mtoto naye, alhamdulillahi, leo katupumzisha. Hajalia tangu alfajiri."

Kichwa. Kutapika. Mtoto halii. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mahali pengine.

Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha watu wa kujitolea, wanaofika kwa mgonjwa kabla gari la hospitali halijafika. Aliyetufundisha ni Okoth, mzimamoto mstaafu kutoka bara. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na walinipokea kwa furaha, kwa sababu katika nyumba nyingi za mji huu mwanamume wa nje hawezi kumshika mke wa mtu hata akiwa amezimia. Kazi za mikono niliziweza. Kilichonishinda ni sauti. Okoth alitaka umnyooshee mtu kidole, umtaje jina, umwambie la kufanya, maana watu wakishtuka husimama tu.

"Kahonzi," aliniuliza siku moja, "hapo unaamrisha au unaomba chumvi?"

"Mwache, Mwalimu," alisema Adnan, seremala anayekaa nyuma ya nyumba ya Bi Ruqaiya. "Mgonjwa atazinduka mwenyewe akitega sikio amsikie."

Walicheka, nami nikacheka. Baadaye Okoth aliniita kando, akaniambia bila ukali kwamba Jumamosi kuna mtihani, na asiyeweza kuamrisha hatapewa kizibao cha kikundi. Nilikitaka kizibao kile. Sikumwambia mtu sababu.

Sababu ilitokana na somo lake la makaa. Alisema makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba kikifungwa, mtu huumwa kichwa, hutapika, kisha hulala asiamke. Niliinama nikatazama vidole vyangu. Mama yangu alikufa hivyo hivyo kwetu Vitengeni, wakati wa mvua, akiwa ametoka kumzaa mdogo wangu, na mtoto akaenda naye. Aliyekuwa akiwatunza ni nyanya yangu, ambaye sisi Wagiriama tunamwita hawe. Watu walisema kawaroga. Alifukuzwa nyumbani kwake, akafia kwa watu baki. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikaja mjini kufua.

Sasa leso ilikuwa mbele yangu.

"Bi," nilisema, "tufungue mlango."

"Upepo umwingie mzazi? Wataka nimzike mwanangu?"

"Ni seredani, Bi. Yale makaa..."

"Sikusikii. Nenda ukafue."

Kweli hakunisikia. Niliweka beseni chini, nikaenda mlangoni, na mdomo wenyewe ukasema hodi, kwa kuwa kwa mzazi huingii kabla ya kuitikiwa. Hakuna aliyeitika. Nikaivuta leso.

Ndani kulikuwa na joto zito na harufu ya udi, basi. Nilibana pumzi, nikasukuma dirisha, nikamchukua mtoto. Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Nilimpa Bi Ruqaiya, aliyenifuata akinigombeza. Nikarudi. Nilimwita Ummulkheir, hakujibu. Nilimshika makwapani, nikamburuta mpaka uani.

Mayowe ya Bi Ruqaiya yaliwaleta watu. Mumewe Ummulkheir, Muhdhar, aliyekuwa amekuja kumtazama mkewe, alitoka mbio duka la jirani. Adnan aliingia na vumbi la mbao kichwani. Lakini walipomwona mzazi amelala na leso moja tu mwilini, wanaume wa nje walirudi nyuma wakageuza nyuso, na Muhdhar akaganda. Wanawake wa jirani walishika vichwa. Kila mtu alikuwa akimngoja mwenzake.

"Muhdhar! Wewe!"

Nilisikia sauti hiyo nikadhani ni ya mtu mwingine.

"Piga simu, gari la hospitali lije! Waambie ni sumu ya makaa, mzazi na mtoto! Adnan, bana pumzi, toa seredani nje, usikawie ndani! Nyinyi mama zangu, vueni leso, mzizungushe hapa!"

Wakafanya. Muhdhar akapiga simu uso ukiwa ukutani. Adnan akatoka na seredani, macho yamemtoka. Wanawake wakatanda leso, zikawa kama chumba, na ndani ya chumba kile nikamlaza Ummulkheir ubavu, nikainamisha shavu karibu na pua yake. Pumzi ilikuwepo, ndogo.

"Bi, mtoto mwelekeze kwenye upepo."

"Upepo?"

"Upepo, Bi."

Bi Ruqaiya, aliyekuwa akiziba kila tundu la nyumba, alimwinua mjukuu wake juu ya ukingo wa leso, upepo ukampiga usoni. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio chembamba kama cha kitoto cha paka, na wale wanawake wote wakalia naye. Gari lilipofika, Ummulkheir alikuwa amefumbua macho na kuuliza mbona anasikia baridi.

Walitiwa hewa hospitalini, wakarudi wazima.

Jumamosi nilikwenda kwenye mtihani. "Usimtahini huyu, Mwalimu," Adnan alisema. "Masikio yangu bado yanavuma." Okoth alinitahini vilevile, akanitaka niite mara mbili. Kisha akanivisha kizibao. Kilinifika magotini.

Lakini Bi Ruqaiya alikuwa hatoki. Nilipokwenda kufua nilimkuta ameketi uani, seredani imepinduliwa karibu yake. Majirani wawili waliokuja kumtazama mzazi walikuwa wakivaa viatu mlangoni, wakinong'ona.

"Wasikie," aliniambia. "Wanasema mimi sijui nilimtakia nini mwanangu. Mlango niliufunga kwa mikono hii, Kahonzi."

"Ulikuwa unampasha joto."

"Nani atasadiki?"

Niliketi kando yake. Nilimweleza kwamba joto mzazi atapata kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, na makaa yabaki uani. Alitikisa kichwa kukubali, lakini machozi hayakukoma. Wale wawili bado walikuwa mlangoni. Nikainua sauti, ile ya siku ile, ili nao wanisikie.

"Bi, hawe wangu aliwasha makaa akafunga mlango, mvua isimpige mama yangu. Mama akafa, na mtoto akafa. Wakamwita mchawi mpaka akaingia kaburini."

Wale wawili wakageuka.

"Hawe wangu hakuwa mchawi."