Kura ya Mzee Dietz

Imelda Sauceda alipofika na pai ya pichi mkononi, alimkuta Mheshimiwa Emil Dietz amepiga magoti barazani, akimvisha mkewe soksi. Mguu wa kwanza ulikubali. Wa pili ulikwepa huku na huku, na Verna mwenyewe akicheka kama msichana anayetekenywa.

"Kama umekuja kuomba kura, zunguka nyuma," Emil alisema bila kugeuka. "Kama umeleta pai, pita hapa mbele."

"Nimekuja na yote mawili, mzee wangu."

"Basi pai itangulie."

Wote wawili walikuwa wabunge wa jimbo la Texas, na katika miaka yao yote bungeni hawakuwahi kukubaliana ila juu ya chakula. Kesho yake kamati yao ingepigia kura muswada wa Imelda: kila mtambo wa kufua umeme ujikinge na baridi, ukaguliwe kabla ya majira ya theluji, na wenye kuzembea watozwe faini. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura ya Emil ndiyo ingeamua. Naye Emil, ambaye mji wake uliishi kwa mtambo wa gesi ulio ng'ambo ya mto, alikwisha kutamka hadharani kwamba serikali haina kazi ya kumfundisha mtu kufunika mabomba yake.

"Baridi kama ile ya Februari huja mara moja katika kizazi," alisema akikata pai.

"Na aliyekufa nayo hufa mara ngapi?"

Emil alimsogezea sahani yenye kipande cha pai.

"Siku ile ya theluji!" Verna alidakia, macho yakimng'aa. Akamwinamia Imelda kama mtu mwenye siri. "Mimi na mume wangu tulijificha kitandani mchana kutwa, kama watoro wa shule." Kisha akamwashiria Emil kwa kidevu. "Huyu bwana usimwambie."

Masikio ya Emil yaliiva kwa haya. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukua Verna kidogo kidogo, kama maji yanavyokula ukingo, hata mumewe akawa kwake mgeni mpole anayepika uji. Lakini Februari ile, umeme ulipokatika na nyumba kugeuka jokofu, Emil alimrundikia mablanketi yote akajifunika pamoja naye. Humo, katika giza la sufu, Verna aliushika uso wake kwa mikono miwili akamwita kwa jina. Akamkumbusha harusi yao, mpiga fidla aliyelewa, viatu vilivyombana. Huo ndio mfupa uliomkwama Emil kooni, ambao hakuwahi kumwonyesha mtu: kila wenzake walipoilaani baridi ile bungeni, moyo wake ulisimama kuitetea.

Verna alikata kipande kinono, akakiweka kwenye sahani. "Hiki cha Odessa."

"Odessa kasafiri, mpenzi," Emil alisema. Ndivyo alivyomjibu tangu majira yale, kila alipomuulizia jirani yao huyo.

"Nitamwekea mlangoni."

Akawa amekwisha kuondoka, mguu mmoja na soksi, mwingine mtupu. Wakamfuata hadi nyumba ya Odessa, upande wa pili wa ua. Majani yalikuwa yameota katika nyufa za ngazi. Verna akabisha, akangoja, akabisha tena.

Imelda alimtazama Emil. Emil alifungua kinywa aseme lile la kila siku, likakataa kutoka.

"Odessa amefariki, Verna. Umeme ulipokatika, mashine yake ya oksijeni ilizimika."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Na majirani zake je? Hawakuwapo?"

Upepo ulipita uani. Emil aliitazama nyumba yake mwenyewe, dirisha la chumba cha kulala, lilivyokuwa karibu.

"Walikuwapo," alisema. "Walikuwa wamejifunika."

Verna alilia kilio cha msiba mbichi, na Emil akamshika mabega. Imelda aliipokea sahani isianguke. Kuhusu muswada hakusema neno, wala wakati wa kuaga hakuutaja.

Jioni Verna alikwisha kusahau, akaimba akioshwa uso. Emil ndiye aliyebaki na msiba wa watu wawili.

Kesho yake katika kamati, meneja wa mtambo ule wa gesi alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Emil ndiye aliyemshika mtoto wa meneja huyo kwenye ubatizo.

"Mheshimiwa Dietz?" aliita mwenyekiti.

"Ndiyo."

"Ndiyo, unaafiki? Au ndiyo, umesikia?"

Watu wakacheka. Emil hakucheka. "Naafiki."

Meneja alivaa kofia yake akatoka bila kumtazama. Kwenye ujia Imelda alimfikia mzee, pumzi zikimwenda mbio. "Watakuangusha uchaguzi ujao."

"Wacha wajaribu."

"Hujuti?"

Emil alilegeza tai yake. "Kura sijutii. Ila siku ile ya theluji nayo siwezi kuijutia, binti yangu. Hilo usiniombe."

"Sikuombi."

Emil alifika nyumbani jua lingali juu. Verna alikuwa barazani na dada yake, bakuli la njegere mapajani. Alimwona mwanamume mwenye suti akipanda ngazi, akajipangusa mikono kwa heshima.

"Karibu, bwana. Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kukuona wewe."

Verna alimkagua, kuanzia viatu hadi mvi. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Basi kaa," alisema, "unisaidie kumenya."