Tundu la Saba

Levius alikuwa na kikombe cha chai mdomoni alipouona ule mvuke. Ulikuwa unapanda katikati ya ziwa, pale linapobanana na maji kukimbia kwa kasi chini ya barafu. Kila aliyezaliwa kijijini hapo anajua kwamba asubuhi ya baridi kali mvuke haupandi juu ya barafu nzima. Unapanda penye maji. Akakitua kikombe.

Maana mpimaji wa barafu ni yeye. Kila asubuhi hutoboa matundu tisa kuanzia ufukweni hadi ng'ambo kwenye uwanja wa ndege, huingiza kijiti, husoma inchi, huandika kwenye daftari, kisha hutangaza redioni kama magari yapite au yasipite. Leo alitoboa matano. Alipofika la sita upepo ulikuwa unamchuna uso na keekee, mashine ya kutobolea, inagoma kuwaka, basi akakaa juu ya pikipiki yake ya theluji, akaugeuzia upepo mgongo na kuandika: kumi na tisa, kumi na tisa, ishirini, kumi na tisa. Namba nzuri, zinafanana na za jana. Halafu akatangaza kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi: "Matundu yote tisa salama. Njia iko wazi." Uvivu mtupu, tuuite kwa jina lake. Baridi tusiisingizie, kazaliwa ndani yake.

"Nani ameshaondoka?" akamuuliza mkewe.

Dorcas alikuwa anageuza mkate kwenye kikaango. "Jemima. Kampakia Mzee Tobias na mkewe, leo siku ya mzee kusafishwa damu. Mbona umepauka hivyo?"

Jemima ni mdogo wake Dorcas. Dirishani aliiona pikapu yake, nyeusi na ndogo, ikienda taratibu kuelekea kwenye mvuke. Levius akaichukua redio ya mawasiliano. Kila nyumba kijijini ina redio kama hiyo, na zote huwa wazi kutwa, kuanzia jikoni kwa mchungaji hadi ofisini kwa chifu.

"Jemima, uko wapi?"

"Nimepita la tatu. Vipi shemeji, umeshanikumbuka?"

"Simama kidogo basi. Kuna kitu nataka nikupe."

"Acha vituko wewe! Kama ni pesa ya sigara unazomficha dada, sema nikuletee." Akacheka, na bila shaka nyumba zote zilicheka naye. "Ndege haingoji mtu. Mzee akiikosa leo ni mpaka kesho kutwa, na miguu imeshamvimba."

"Dakika tano tu, nakuja."

"Dakika tano zako tunazijua. Muulize dada alivyozingoja kanisani siku ya harusi! Haya, la nne hilo, nalipita."

Alijaribu uongo mwingine. Alimwambia taa ya nyuma imezimika, akajibiwa kwamba jua linawaka. Akilini alimwona Mzee Tobias na ile miguu yake, amefungwa mkanda, maji meusi yakiingia mlangoni. Alimwona chifu pia, na watu wakikohoa kwa kejeli kila atakapopita. Aliyaogopa maji na aliwaogopa watu, na aibu yenyewe ni kwamba kwa muda fulani aliwaogopa watu zaidi.

"La tano," Jemima akasema.

"Simama! Jemima, simama! Sikutoboa. La sita, la saba, la nane, la tisa, sikutoboa hata moja. Namba nimezitunga."

Hakuna aliyekohoa kijiji kizima.

"Rudia," Jemima akasema, na kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa sautini.

Akarudia. Dorcas alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mkate unaungua.

Alipofika kwa kasi na pikipiki yake, pikapu ilikuwa imesimama, milango yote wazi, wazee wamekaa kimya wamejifunika mablanketi. Hakumwangalia mtu. Alitoboa la sita: kumi na tisa. Kwenda la saba, upande wa mvuke, alinyata. Barafu ililia chini yake, akasimama, ikalia tena. Aliiwasha keekee na kungoja maji yaruke mapema. Hayakuruka. Keekee ilizama, ikazidi kuzama, mpaka akaanza kulia bila kujijua. Kumi na nane. La nane ishirini, la tisa ishirini. Ule mvuke ulitoka kwenye ufa mwembamba, mbali kabisa na njia.

Kwa hiyo wangevuka salama. Angenyamaza, asingejua mtu mpaka anaingia kaburini.

Alirudi akihema. "Salama! Njia yote salama. La saba kumi na nane." Akangoja matusi. Jemima angemtukana hata mbele ya wazee, yeye angefurahi.

Jemima alimtazama. "Umepima?"

"Si umeniona?"

"Na asubuhi watu walikuona unatoka na keekee."

Akanyoosha mkono. Levius akampa kijiti. Jemima alikwenda la sita, akapiga magoti, akavua glavu, akaingiza kijiti na kusoma. Akaenda la saba, la nane, la tisa. Ilichukua muda mrefu, na Mzee Tobias, ambaye ndege ilikuwa inataka kumwacha, hakumharakisha hata kidogo.

Aliporudi aliichukua redio ya garini. "Hapa Jemima. Kumi na tisa, kumi na nane, ishirini, ishirini. Nimepima mwenyewe. Mnaweza kupita."

"Asante, Jemima," akajibu mchungaji. "Tumekusikia, Jemima," ikaja sauti ya chifu, kisha nyumba moja baada ya nyingine.

Pikapu iliondoka. Levius alisogea pembeni kuipisha, na mzee alimpungia mkono kwa adabu, kama mtu anavyompungia mgeni.