Mstari wa Chini ya Rampu

Dzoro alifungua kifuniko cha seli ya tatu, akachovya bomba la kioo na kuvuta maji ya betri polepole. Kielea kidogo ndani ya kioo kilipanda, kikatetemeka, kikatulia. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari. Elfu moja mia mbili na themanini. Akaandika namba hiyo kwenye daftari, akarudisha maji ndani ya seli, akahamia ya nne.

"Mzee, hiyo betri ni mpya," alisema mwanamume aliyesimama nyuma yake. "Hakuna haja ya kupima moja moja."

"Mpya pia hupimwa."

Mwanamume huyo alicheka kwa adabu ya mtu anayeuza kitu. Aliitwa Mutunga. Alivaa shati jeupe na tai, na siku ya kwanza ya majaribio alikuwa amempa Dzoro mkono, akamwuliza jina, akalisikia, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Dzoro alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi katika miaka kumi na mmoja. Hakuwa amejiandaa kusahauliwa.

Ghala la Bwana Kamaludin lilikuwa la chai, mwendo mfupi kutoka lango la bandari ya Kilindini. Chai hushika harufu ya kila kinachopita karibu nayo, na mwanzoni mwa mwaka ule wa 1996 magunia arobaini yalirudishwa na waonjaji kwa kuwa yalinuka moshi wa dizeli. Kwa hiyo foklifti ya zamani ilikuwa ikiondoka, na mahali pake ingenunuliwa moja ya umeme. Wauzaji wawili walileta mashine za kujaribiwa. Ya kijani ililetwa na dada mmoja aitwaye Beryl, mwenye sauti ya chini na viatu visivyofaa sakafu ya ghala. Ya manjano ililetwa na Mutunga. Uamuzi aliachiwa Dzoro, kwa sababu ndiye ambaye angeiendesha.

Alizijaribu kwa siku mbili. Kila mashine ilichajiwa usiku kucha, kisha ikabeba paleti za magunia ishirini kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ikapanda rampu, ikashuka, ikarudia. Ya kijani iliishiwa nguvu saa tisa alasiri, kielea kikiwa kimezama hadi elfu moja mia moja na sitini. Ya manjano ilifika saa kumi na moja na bado ilikuwa na robo. Ya kijani ilihitaji kujipanga mara mbili ili kugeuka kwenye ujia wa mwisho. Ya manjano iligeuka mara moja. Usukani wake ulikuwa mwepesi, na kiti chake hakikumuumiza mgongo. Dzoro aliyaandika yote hayo, kila jambo na saa yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Hakuongeza wala hakupunguza. Alitaka yawe sahihi.

Lilibaki jaribio moja.

Lilikuwa ni jambo la ghala lile tu, lililoanzishwa na marehemu baba yake Kamaludin baada ya mashine kuteleza na kuvunja ukuta. Chini ya rampu palichorwa mstari mweupe. Yeyote anayeidhamini breki, awe fundi aliyeitengeneza au mtu anayeiuza, husimama juu ya mstari huo. Mashine hupandishwa rampu na mzigo kamili, husimamishwa katikati kwa breki ya mguu, na mwenye ghala huhesabu hadi sitini. Asiyesimama, mashine yake haiingii kazini. Maghala mengine yaliwacheka. Dzoro hakucheka. Siku alipoelezwa desturi hiyo ndiyo siku aliyoamua kutotafuta kazi kwingine.

Kwani mwaka 1985, katika ghala la kampuni ambayo sasa haipo, Mutunga alikuwa msimamizi. Dzoro alimwambia asubuhi kwamba breki inavuja. Mutunga akatazama saa, akasema meli haingoji, akampanga Tsuma nyuma ya mashine aongoze njia. Tsuma alikuwa shemeji yake Dzoro, kaka wa mkewe, Kache. Pedali ilizama chini ya mguu wa Dzoro hadi sakafuni bila kukamata kitu, mashine ikamrudia Tsuma. Mguu wa kulia wa Tsuma ulikatwa juu ya goti siku ya tatu. Ripoti ya Mutunga ilikuwa na sentensi moja mahali pa sababu, nayo ilisomwa kwa sauti mbele ya Dzoro kabla hajafukuzwa: "Dereva aliachia breki."

"Nani aanze?" aliuliza Kamaludin, akiingia na kikombe mkononi. Alikuwa kijana bado, lakini alitembea taratibu kama baba yake. "Sabalkheri nyote. Dada Beryl, wasimama au husimami?"

"Nitasimama."

"Waijua hatari yake?"

"Nimeshaambiwa na mzee. Nikifa, mashine mtanunua?"

Kamaludin akatabasamu ndani ya kikombe. Beryl alivua viatu, akavipanga kando, akakanyaga mstari kwa soksi. Dzoro alipandisha mashine ya kijani, akakanyaga breki katikati ya rampu, mzigo ukiwa mbele yake na kisogo cha mashine kikimwelekea yule dada. Sitini ikahesabiwa. Beryl hakusogea. Alipoondoka soksi zake zilikuwa na vumbi la chai.

"Sasa wewe, bwana," Kamaludin alimwambia Mutunga.

"Hii haina wasiwasi. Ningeweza hata kulala hapo." Mutunga alilegeza tai. "Mzee, usinigonge tu. Nina watoto."

"Wangapi?" aliuliza Dzoro.

"Watatu."

"Wote wazima?"

"Namshukuru Mungu."

Dzoro alipanda kwenye kiti. Mashine ya manjano ilipanda bila kelele, ikawa kana kwamba rampu ndiyo inayoshuka chini yake. Katikati akakanyaga breki. Ilikamata pale pale, imara. Alijua kwa unyayo wake kwamba hajawahi kukanyaga breki nzuri kuliko hiyo.

Aligeuza shingo kutazama nyuma. Mutunga alikuwa juu ya mstari, hatua sita kutoka kwenye chuma, mikono nyuma, kidevu juu. Hivyo ndivyo Tsuma alivyokuwa amesimama, ila Tsuma alikuwa akipiga mluzi.

"Thelathini na sita," alihesabu Kamaludin. "Thelathini na saba."

Dzoro aliinua mguu.

Hakuuinua wote. Tani mbili za chuma na zaidi ya tani moja ya chai zilianza kurudi nyuma, kwa upole, urefu wa mkono mmoja, kisha wa pili. Alikuwa amekwisha kukanyaga tena na mashine imesimama alipomwona Mutunga akiwa hewani. Alitua kwenye rundo la magunia matupu, akateleza, akashika ukuta. Mstari mweupe ulikuwa mtupu.

Kisha Beryl, aliyekuwa upande ule ambao mashine haina mlango na miguu ya dereva huonekana, akasema kabla ya kuulizwa, "Mimi nilikuwa naangalia saa yangu."

Kamaludin aliweka kikombe chini. "Dzoro. Ni breki?"

"Naishusha kwanza, bwana. Tutaandika ofisini."

Mutunga alimfuata hadi kwenye kona ya kuchajia. Uso wake ulikuwa umesawijika, na sasa rangi ilikuwa ikirudi. "Uliachia," alisema kwa sauti ya chini. "Nimefanya kazi na hizi mashine miaka ishirini. Ile breki haikuteleza. Wewe uliachia."

Dzoro aliingiza plagi ya chaja, akaisukuma mpaka ikalia.

"Kwa nini? Nimekukosea nini mimi?"

"Ghala namba sita," alisema Dzoro. "Tsuma."

Ilichukua muda. Alilitazama jina likishuka ndani ya mtu yule, likitafuta mahali pake, likapapata. Ilikuwa kama kutazama kielea.

"Wewe ndiye yule dereva."

"Mimi ndiye."

"Ile... Mzee, ile nilisukumwa. Wakubwa walitaka jina kabla ya jioni." Alijipangusa mdomo. "Sikiliza. Hii ndiyo mashine yangu ya kwanza kuleta pwani. Hapa ikikataliwa, maghala yote ya chai yatasikia. Nitaachishwa. Unaelewa?"

"Naelewa sana. Mimi nilisukuma mkokoteni Marikiti miezi kumi na minne. Mkokoteni hauna breki, bwana Mutunga. Unausimamisha kwa kifua."

"Nitamwambia tajiri wako uliachia."

"Mwambie. Iandike kabisa. Wewe ni mzoefu."

Mutunga alifungua kinywa. Dzoro alimwona akiipata ile sentensi ndani ya kinywa chake mwenyewe, na akamwona akishindwa kuitoa.

Ofisini, Kamaludin alisukuma fomu mezani. Alikuwa amekwisha kuisoma karatasi ya majaribio. "Betri, ya manjano. Kugeuka, ya manjano. Usukani, ya manjano," alisema. "Wajua mimi ningeichukua hii. Lakini haikusimama, na mtu wake hakusimama. Kama ni bahati mbaya ya mguu wako, sema, turudie kesho. Kama ni breki, andika hapo. Sitamwita fundi. Neno lako latosha."

Hapo ndipo Dzoro alipokawia. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa na neno la kweli na hapakuwa na mtu wa kulipokea. Leo lake lilipokewa kabla halijatoka. Mahali pa sababu palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Ukweli ulitosha pale vizuri, nao ulikuwa na maneno matatu, yale yale, katika mpango ule ule: dereva aliachia breki. Aliyafikiria kwa makini, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata. Hakuona namna ya kuyaandika kwa mkono wake na kubaki mtu yule yule.

Akaandika: "Breki haikushika."

Alasiri ile alipitia Kibokoni. Tsuma alikuwa kwenye baraza ya nyumba aliyopanga chumba cha nyuma, akitengeneza majiko ya mafuta ya taa kama kila siku, mkongojo umelazwa kando yake, na sindano ya kuzibulia ikiwa mdomoni.

"Wanuka chai, shemeji. Kaa."

Dzoro akakaa, akamweleza. Tsuma aliitoa sindano mdomoni.

"Alisimama pale pale?"

"Hatua sita."

"Na wewe ukarudi."

"Mikono miwili tu."

"Akakimbia?"

"Aliruka."

"Kwa miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

Tsuma alicheka. Alicheka mpaka akapaliwa, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu akageuka na kutabasamu bila kujua sababu. Alipiga bapa la mkono juu ya paja lake lililobaki. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, akachukua jiko, akapuliza tundu lake, akalitazama kwenye mwanga.

"Na breki yenyewe? Ilikuwa mbovu?"

Dzoro alitazama njia.

"Nakuuliza tu," alisema Tsuma. "Ile yetu ilikuwa mbovu. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, shemeji. Kwamba ilikuwa mbovu kweli." Akarudisha sindano mdomoni, na hakuuliza tena.

Mashine ya kijani ilinunuliwa Jumatatu. Ya manjano haikununuliwa na mtu. Dzoro aliiona kila asubuhi akienda kazini, ndani ya uzio wa wale waliomwajiri Mutunga, imefunikwa turubai ambalo upepo ulilifunua kidogo kidogo. Mwezi wa pili tangu siku ile, magurudumu yake yakaanza kuishiwa upepo. Mutunga mwenyewe hakumwona tena. Aliambiwa na mlinzi kwamba amerudi bara, akaambiwa na mlinzi mwingine kwamba yuko Changamwe anauza matairi. Hakufuatilia.

Alijifunza tabia za ya kijani. Alijua kwamba baada ya saa nane hupanda kwa kusitasita, na kwamba ujia wa mwisho unahitaji subira. Mgongo ulianza kumuuma upande wa kushoto. Kamaludin alimwuliza mara moja kama chaja ina hitilafu, akajibu kwamba chaja ni nzima, na hilo lilikuwa kweli.

Siku moja mwezi wa Agosti kulikuwa na mzigo wa kufunga kabla ya jioni, na alasiri alipanda rampu na paleti ya mwisho. Katikati, sauti ya mota ikawa nyembamba, kisha ikakoma. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano. Aliita watu walete kabari za mbao na winchi. Akajibiwa kwamba wako kwenye lori, angoje.

Akangoja. Alivuta breki ya mkono, nayo ikakamata. Juu ya hiyo akakanyaga ya mguu pia.

Chini ya rampu, Nyevu, mama mfagizi wa ghala, alikuwa akifagia vumbi la chai. Alifagia kama anavyofagia daima, akirudi nyuma, mgongo ukiwa umeelekea mashine, akiimba jambo kwa sauti ya puani. Alikaribia mstari mweupe. Akaukanyaga. Akasimama hapo kukusanya lundo lake.

"Nyevu," Dzoro aliita. "Pita upande ule, mama."

"Nini, baba? Yaja?"

"Haiji. Pita tu."

"Kama haiji nasogea kwa nini? Ngoja nizoe hii kwanza."

Akainama na kizoleo. Dzoro alishusha uzito wake wote kwenye unyayo wa kulia. Pedali haikusogea, haikuwa na pa kwenda, lakini aliendelea kuikandamiza, macho yakiwa nyuma, mpaka paja likaanza kutetemeka. Nyevu alizoa, akajinyoosha, akavuka kwenda upande wa pili na ufagio wake. Mstari ukabaki mtupu.

Mguu wa Dzoro ulikuwa bado umekanyaga.