Barua Saba Zilizokataliwa Makutano

Stephen Mwaniki hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, hakuwa na mke tangu yule aliyemwoa arudi kwao, na hakuwa na jino moja la mbele. Tangu Aprili hakuwa na mama. Na lililomuuma kuliko hayo yote, hakuwa na hata mstari mmoja kutoka kwa dada yake Wawira, aliyeambiwa kwamba mama yao amefariki, akanyamaza.

Alichokuwa nacho ni cheo, na alikuwa amekitolea jasho. Ujanani alichuma chai Kibugu mchana kutwa, na jioni akateremka Embu mjini kusoma kompyuta pamoja na watoto waliomcheka viatu. Mshahara wa kwanza ulimpeleka Wawira shule ya uuguzi. Sasa, akiwa na miaka arobaini na tisa, alikuwa msimamizi wa seva za baruapepe katika ofisi ya Bwana Kaburu, ghorofani pale Makutano, mjini Meru. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye viwanda vya unga, hata shule mbili, barua zao zote zilipita katika mitambo aliyoilinda yeye.

Mwaka uliotangulia, mteja wao muuza mbao alidanganywa na barua ya matapeli, akapeleka mzigo wa lori zima kwa mtu asiyekuwapo. Kaburu akasema, "Mwaniki, funga mlango."

Mwaniki akaufunga. Aliandika sheria ndani ya seva: barua yoyote inayotoka ng'ambo kwa anwani isiyojulikana izuiliwe, ikae kizuizini siku thelathini, kisha ifutwe. Aliyeituma arudishiwe jibu papo hapo. Jibu lenyewe alilitunga siku mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: *Barua yako imekataliwa. Usiandike tena kwa anwani hii. Stephen M. Mwaniki, Msimamizi wa Barua.*

Kaburu alicheka. "Na jina lote? Unataka matapeli wakualike harusi?"

"Mtu akiifanya kazi yake vizuri, bosi, aweke sahihi."

Anwani yake mwenyewe pia aliiweka chini ya sheria hiyo. Bawabu anayejiachia mlango wa nyuma si bawabu.

Mama yao, Ruguru, alipofariki, Wawira alikuwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya mahema iliyowatibu watu waliofukuzwa na mafuriko. Mnara wa simu ulikuwa umeanguka. Mwaniki alipiga simu Nairobi, ofisi ya shirika lililomwajiri Wawira, wakamwambia, "Tumemfikishia habari kwa redio. Atakuandikia." Kwa hiyo akangoja. Alitafuta katika barua zake anwani ile ya Wawira aliyoizoea, asubuhi na jioni, asipate kitu. Kizuizini hakuangalia. Fundi hashuku msumari alioupiga mwenyewe.

Siku ya maziko, jamaa waliitwa kwa vikundi kupanda maua juu ya kaburi. Zamu ya watoto wa marehemu ilipofika, Mwaniki alisimama peke yake. Akashika maikrofoni na kusema mbele ya kanisa na majirani wote, "Mama alizaa wawili. Mmoja ameshindwa hata kutuma mstari. Kuanzia leo nihesabuni mimi peke yangu." Watu wakainamisha vichwa. Upande wa kushoto wa kaburi, uliokuwa wa Wawira, ulibaki bila ua.

Jumamosi moja ya Juni, mwanamke mwembamba mwenye begi la mgongoni alipanda ngazi hadi ofisini.

"Wewe ndiye Msimamizi wa Barua?" aliuliza. Alivyokitamka cheo hicho, Kaburu aliinua macho kutoka kwenye gazeti lake.

"Ndimi. Karibu, dada."

"Naitwa Purity Karwirwa, natoka hapo Kiirua. Ni muuguzi, nafanya kazi na Wawira. Likizo yangu imeisha na Jumatatu narudi kule. Naomba unielekeze kaburi la mama yenu."

"Wawira amekutuma kwangu?"

"Sikutumwa kwako. Nimetumwa kaburini."

Mwaniki alitoa hasira yake ya miezi miwili. "Basi mwambie kaburi lilikuwapo tangu Aprili. Na mimi nilikuwapo nikingoja barua."

Purity alimtazama kama mtu anayetazama kidonda kabla ya kukigusa. Akatoa simu yake, akatafuta picha na kumwekea mezani. Ilikuwa picha ya kioo cha kompyuta. Mwaniki alisoma maneno yake mwenyewe, hadi kwenye jina lake lote.

"Alipata hayo mara saba," Purity alisema. "Kambi ilihamishwa kwa sababu ya maji, tukawa tunaazima mtambo na anwani ya shirika jingine. Siku aliyopata jibu la kwanza tulikuwa na wagonjwa wa kipindupindu mia moja na arobaini, na chupa thelathini tu za maji ya drip. Alisoma, akanawa mikono, akarudi hemani kutafuta mshipa wa mtoto. Nilimwambia, Wawira, labda ni mashine tu. Akaniambia mashine haina jina la kaka yake."

Mwaniki aliinuka. Alikwenda kwenye kompyuta yake na kufungua daftari la seva, ambalo hubaki hata barua zikishafutwa. Huko hubaki tarehe, anwani ya mwandishi na kichwa cha barua, basi. Zilikuwa saba, zote kutoka anwani ya kigeni, zote kwake.

*Nimeambiwa kuhusu Mama. Ndege haiwezi kutua. Nisubirini hadi Jumamosi. Maneno ya kusomwa kaburini. Kaka, ni mimi Wawira. Nimekosa nini?*

Ya saba haikuwa na kichwa.

Alijaribu kila njia aliyoijua ya kuzirudisha, na alizijua nyingi. Ile sheria aliiandika vizuri sana. Haikuacha hata herufi. Kaburu alikuja akasimama nyuma yake, akasoma, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Aliweka ufunguo wa pikapu mezani. "Mpeleke huyu dada Kibugu," alisema. "Nenda, Mwaniki."

Mwaniki aliendesha pikapu hadi nyumbani kwa mama yake. Walipofika, Purity alipiga magoti upande wa kushoto wa kaburi, pale pasipo na ua, akaomba jembe. Kutoka ndani ya begi alitoa bahasha nene, iliyofungwa.

"Ni yale maneno?" Mwaniki aliuliza.

"Aliyaandika upya kwa mkono. Alisema ni ya Mama, mtu mwingine asiyasome."

"Mimi ningeyasoma kwa sauti. Ningeita majirani wote, wale wale."

"Najua, Bwana Mwaniki. Lakini sikuambiwa hivyo."

Purity alichimba, akaifukia na kuushindilia udongo kwa viganja. Mwaniki alisimama hatua moja tu kutoka pale. Angeweza kurudi kesho na kulichimbua shimo lile kwa mkono mmoja, na hakuna ambaye angejua. Kila alilotaka kusikia duniani lilikuwa pale chini, kina cha shubiri moja.

"Nipe nafasi niandike kitu," alisema. "Utambebea?"

Purity alitazama saa. "Chai ikiiva, naondoka."

Alikaa ndani ya nyumba, kwenye meza ya mama yake, jiko la gesi likivuma nyuma yake. Karatasi ya kwanza aliijaza maelezo ya anwani, ya mitambo na ya siku thelathini. Akaisoma. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa ya mtu anayejitetea. Akaichana. Karatasi ya pili aliandika hivi:

*Wawira,*

*Barua zako saba sikuzisoma. Lile jibu ni langu, nililiandika mwaka jana kwa ajili ya wezi nikaweka jina langu kwa majivuno, nalo likakukuta wewe. Hilo ni kosa la kazi.*

*Kosa la pili si la mashine. Siku ya kumzika Mama nilisema mbele ya watu kwamba nihesabiwe peke yangu. Jumapili nitasimama kanisani pale pale niseme nilikosa.*

*Barua uliyomwandikia Mama iko alipo. Sijaifungua, wala sitaifungua.*

*Sikuombi unijibu.*

Hapo kalamu ilizoea kuandika jina lote na cheo. Aliizuia, akaandika *Kaka* tu.

Bahasha aliyoipata katika droo ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Aliilamba mara mbili, ikafunguka mara mbili. Purity alikuwa ameshamaliza chai yake. Alimtazama akihangaika nayo, kisha akafungua begi, akatoa plasta ya hospitali, akakata kipande kwa meno na kumpa.

Mwaniki aliibandika kwa kidole gumba, pole pole, kutoka ncha hadi ncha. Purity akaipokea bahasha, akaitia katikati ya nguo zake, akafunga zipu.