Risasi Nne

Mimi hujijazia mwenyewe risasi zangu za mashindano ya kulenga shabaha, na leseni zote ninazo. Kanuni yangu ni moja: mtu akinisemesha nikipima baruti, namwaga yote na kuanza upya. Ukisahau ukajaza ganda moja la risasi baruti mara mbili, bunduki hukulipukia usoni.

Sasa jaribu kanuni hiyo pale mtaani kwetu Woodley. Ijumaa saa tatu asubuhi, jirani yangu Mama Joyline alipiga hodi, eti kunisalimia tu. Nikamwaga. Saa nne shemeji yangu akapitia "dakika moja" na kunywa chai vikombe vitatu. Nikamwaga. Kwa hasira nikabandika karatasi mlangoni: USINISEMESHE, NAPIMA. Watu saba wakabisha kuuliza napima nini.

Jumamosi nilifika uwanjani na risasi nne. Wenzangu walikuwa na hamsini hamsini. Rafiki yangu Zedekiah, mtu wa watu kabisa, akanionea huruma na kunisukumia boksi lake.

"Chukua ishirini, Ochola. Nimezijaza jana."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu vipi? Ushirika wote wa kanisa ulikuwa kwangu Uthiru. Tumeimba, tumekula, mimi najaza tu. Hata mchungaji ameziombea."

Nilimwambia azimwage. Akacheka.

Nilipiga zangu nne, nikawa wa mwisho, nikakunja mkeka wangu wa kulalia. Zedekiah alipolala chini kulenga, nilimwomba asubiri kidogo, nifike mbali kule Westlands kwanza.