Nyonga za Mama Bravin

Jumatano saa nne asubuhi, Navalayo alikuwa amekwama ndani ya vazi la kuogelea katika chumba cha kujaribia nguo cha duka moja mjini Kakamega. Alikuwa amelivalia kichwani, jinsi mtu anavyovaa gauni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo. Wasichana wawili wa duka waliingia, mmoja akashika mikono, mwingine akashika vazi, wakavuta hadi akatoka.

"Mama, hii ni frii saizi," mmoja alisema huku akilikunja. "Inaingianga kila mtu."

"Na mimi ni nani?" Navalayo aliuliza.

Msichana alifikiri kidogo, akasema hajui.

Lilikuwa duka la tano. La kwanza lilikuwa na mavazi ya watoto wa shule. La pili lilikuwa na vazi lenye maua ambalo mbele lilificha kila kitu na nyuma halikuficha chochote. La tatu na la nne walimtazama tu, toka juu mpaka chini, wakamwambia hata wasisumbuane.

Navalayo hakuwa ameamka siku moja akatamani kuogelea. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka thelathini alikuwa mpishi katika shule ya wasichana, akisimama kwenye sakafu ya saruji mbele ya masufuria ya ugali ambayo mtu angeweza kulala ndani yake. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari wa viungo alimwambia aogelee mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, la sivyo Desemba ingemkuta na mkongojo. Na Desemba hiyo Bravin, mwanawe wa pekee, angemleta nyumbani bibi harusi wake, Cindy.

Kwao Shinyalu, mama wa bwana harusi humpokea mke wa mwanawe langoni, tena kwa kucheza ngoma ya isukuti. Navalayo hakuwa mchezaji wa hivi hivi. Enzi zake watu walitoka mbali kama Khwisero kuja kwenye matanga ya watu wasiowajua, mradi wamesikia kwamba atacheza. Alitaka kucheza siku hiyo ya Bravin kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Bwawa lilikuwepo, katika hoteli moja karibu na mji, na mlangoni palikuwa na ubao. Ubao ulisema kwamba mwanamke haruhusiwi majini bila vazi rasmi la kuogelea, na kwamba leso, fulana na magauni ni marufuku. Kuhusu wanaume haukusema kitu. Mzee Andati, ambaye tumbo lake lilitangulia majini na yeye akafuata baadaye, aliogelea kwa kaptura ya mpira iliyochanika mfukoni, na wahudumu walimwamkia kwa heshima.

Baada ya maduka, Navalayo alikwenda kwa Jael, fundi anayewashonea akina mama wa kanisa sare. Jael alikuwa hajawahi kushona vazi la kuogelea lakini si mtu wa kukataa kazi. Alilishona kwa kitambaa cha buluu kilichobaki, akatia kola, marinda mbele, na mfuko, kwa sababu nguo isiyo na mfuko kwake si nguo. Lilimkaa Navalayo vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuwa nayo. Mitchel, msichana wa pale bwawani, alilizunguka mara mbili, akaugusa ule mfuko.

"Mama, hii ni ya kwaya," alisema, akamrudisha.

Ndipo akaenda kwa Makhanu.

Makhanu aliuza mitumba sokoni. Kila Jumamosi alfajiri alifungua bale na kulimwaga kwenye turubai, na wateja wa kwanza walichagua zile nguo bora kabisa, ambazo sokoni huitwa kamera. Sheria ya hapo ilikuwa fupi. Kilichoko juu ya turubai kinauzwa, na kamera hairudi. Navalayo alipofika saa tatu, yaliyobaki yalikuwa mavazi ya kuogelea waliyoyavaa wanawake wa nchi za baridi walipokuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Makhanu alimpima kwa macho, akachomoa moja jeusi.

"Hii iko sawa, mama. Haina shida yoyote. Shida ni wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Si utoe hipsi? Wengi wanatoanga."

Nyuma ya pazia la gunia, Navalayo alipapasa ubavuni chini ya mbavu, akapata pale nyonga zilipoanzia. Zilitoka kama mto unavyotoka kwenye foronya, kwa kuvutwa kidogo hapa na kidogo pale. Hazikuuma. Alizikalisha juu ya kigoda, nyonga na makalio pamoja, akavaa lile vazi jeusi, na likaingia bila kelele. Kisha akavaa sketi yake, ikaanguka. Makhanu akampa kamba.

Siku za kwanza alizibeba kwenda nazo bwawani na kurudi nazo nyumbani, ndani ya mfuko wa sukari. Zilikuwa nzito, na huko nyumbani kuzirudisha kulichukua muda, maana upande wa kushoto ulikuwa na ukaidi. Wiki ya pili Makhanu alimwonea huruma.

"Ziache hapa, mama. Utachukua Desemba. Nani ataziiba?"

Navalayo aliandika jina lake juu ya mfuko kwa kalamu ya wino mzito, akaziacha.

Bwawani ubao haukuwa na neno tena. Mitchel alimfungulia lango. Mwalimu wa kuogelea alimshika mgongo mpaka akajua kuelea, ingawa bila nyonga alielea mno na ilibidi ajifunze namna ya kubaki chini. Magoti yalianza kunyamaza. Mwezi wa pili alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, akasimama juu na kutabasamu peke yake.

Na watu walimsifu, tusiseme uongo, na sifa hizo alizipenda. Kiti kilimuumiza, mjukuu wa jirani aliteleza kila alipombeba ubavuni, lakini kanisani waliuliza anakunywa nini asubuhi.

"Sinywi kitu. Nilitoa."

"Kwa nani?"

"Kwa Makhanu."

Walitikisa kichwa, na Jumamosi iliyofuata walikuwa pale, wamepanga foleni mbele ya pazia la gunia. Kufikia Novemba rafu ya Makhanu ilikuwa imejaa mifuko yenye majina. Mavazi kwenye turubai yalikuwa saizi zile zile. Mama mmoja alimuuliza kwa nini asiagize makubwa.

"Bale linakujanga vile linakuja," Makhanu alijibu. "Na si sasa yanawatosha?"

Siku tatu kabla ya harusi, Navalayo alikwenda kuchukua nyonga zake. Makhanu alitazama rafuni, akatazama chini ya meza, akajikuna shingo. Jumamosi iliyopita alikuwa matangani Shianda, akamwachia shemeji yake kazi. Shemeji alimwaga bale, na kwa bidii yake akamwaga na mfuko mmoja wa rafuni.

"Zilikuwa kamera, mama. Hazikumaliza hata dakika tano."

"Ziko na jina langu."

"Jina liko kwa mfuko. Mfuko tuko nao."

"Nani alichukua?"

"Msichana wa mambo ya harusi. Alifurahi huyo! Alisema Nairobi watu wanatafutanga kama hizo na hawapati."

Navalayo alikaa kwenye kigoda. Aliona uchungu, uchungu wa kweli, na alikuwa na aibu kwamba anaulilia mwili ambao miezi mitatu iliyopita hakuna duka lililotaka kuuona. Makhanu alimletea jozi nyingine, nyembamba, zilizoachwa na karani mmoja wa Matete aliyehama. Navalayo alizijaribu, akapiga hatua nne. Zilikuwa nyonga za kuketi ofisini. Alishukuru, akazirudisha. Makhanu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa ule mfuko wenye jina lake.

Siku ya harusi ngoma zote tatu zilipigwa, kubwa, ya kati na ndogo, na Navalayo akatoka mbele ya akina mama kwenda langoni. Magoti yalimtii kama ya msichana. Alikanyaga, akainama, akainuka, na mabega yalifanya yote yaliyoyajua. Lakini pale kati hapakuwa na kitu. Mapigo yalipanda kutoka miguuni, yakafika kiunoni, yakakosa pa kwenda. Watu walimpigia makofi ya adabu. Bravin alimkumbatia, akamwambia amependeza, na Cindy akapokelewa salama. Navalayo alipelekwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, kando ya Awinja, dada ya marehemu mumewe, wifi aliyezoea kumwita mulamwa.

Ndipo wasimamizi wa bibi harusi wakaingia, na wa mbele alikuwa Shantel, binamu ya Cindy, msichana mwembamba wa mabega na shingo, aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, maana lilishonwa baada ya ile Jumamosi ya sokoni. Ngoma ndogo ilipoita, nyonga ziliitika zenyewe. Navalayo alizijua kabla hajaziona vizuri. Zilingoja kidogo kabla ya pigo la tatu, jinsi mama yake alivyomfundisha kungoja, kisha zikazunguka polepole kana kwamba zina siku nzima. Vigelegele vilipasuka. Mpiga ngoma kubwa alisimama. Akina mama wa Shinyalu, ambao hawakuwa wameona kitu kama hicho kwa miaka kumi, walipanda juu ya viti.

Shantel mwenyewe alitazama chini mara kwa mara, kama mtu anayejaribu kufuata.

Awinja alimgusa Navalayo begani.

"Umeona hiyo kiuno, mulamwa? Wewe umepungua vizuri, umekuwa simati. Lakini kiuno kama hiyo hujawahi kuwa nayo. Hiyo mtu anazaliwanga nayo."

"Ni kweli," Navalayo alisema.

Shantel alikuwa akiwakaribia, uso umejaa jasho. Navalayo alivuta kiti chake nyuma kidogo, kwa sababu baada ya pigo hilo zingegeukia kushoto, na upande wa kushoto zilihitaji nafasi.